Miti ya porini ya kusini mwa Afrika: majina ya kienyeji na matumizi yake, tujazane hapa

Ukwaju_Mchungu

Wakuu salaam, mimi ni msomaji wa kimya kimya humu, leo nimeona nifungue uzi maana haya mambo nikiyaongea kijiweni watu wananiona naleta stori za mganga. Kazi yangu ni dereva wa semi, njia ni Dar, Tunduma, Lusaka, Chirundu, Harare, Beitbridge mpaka Joburg, na foleni za border mnazijua, ukishakaa pale huna cha kufanya zaidi ya kupiga stori na akina mama wanaopanga matunda na mizizi pembeni ya barabara. Kitu kilichonivutia ni kwamba nusu ya ile miti tunayo kwetu na majina yake yanafanana mpaka unacheka.

Naanza na rahisi, mbuyu. Ukivuka Chirundu Mshona anakwambia muuyu na matunda yake mauyu, ukifika Musina Mvenda anasema muvhuyu, hapo mkalimani wa nini sasa. Mtsonga ndo anaanza kukuzingua kidogo, yeye anasema ximuwu, na Mtswana kaenda kivyake kabisa, mowana. Wamalawi wao wanasema mlambe. Matumizi ni yale yale, unga wa ndani unaloweka kwenye maji au maziwa, majani mateke ni mboga, gome wanalibandua wanalitwanga wanapata nyuzi za kusukia kamba na mikeka. Na mbuyu ukiubandua gome haufi, unaota jingine, mti mwingine ukiuzungushia panga namna hiyo umeshauua. Ulaya waliruhusu unga wa ubuyu uuzwe kama chakula mwaka 2008, Marekani mwaka uliofuata, wakati sisi tumekua na midomo myekundu ya ubuyu toka hatujui kusoma.

Habari mbaya ni kwamba mikubwa inakufa. Mwaka 2018 watafiti walitoa ripoti kwamba kati ya mibuyu 13 iliyokuwa mizee kuliko yote Afrika, 9 imekufa au imeanguka sehemu kubwa, na karibu yote iko huko kusini. Ule wa Panke kule Zimbabwe waliupima wakakuta una miaka kama 2,450, ukafa 2011. Ule wa Sunland huko Limpopo, ambao ndani ya shina lake walikuwa wameweka baa kabisa watu wanakunywa, ukapasuka vipande 2016 na 2017. Wanashuku ukame na joto.

Pili ni mbula. Hii kwa watu wa Tabora, Songea, Iringa mnaijua, tunda la rangi ya udongo lina harufu kali likiiva. Mvenda anasema muvhula, Mtsonga mbulwa, Mmalawi muula. Yaani jina limetembea zaidi ya kilomita elfu mbili limepoteza herufi moja moja tu njiani.

Tatu mviru. Mshona munzviru, Mvenda muzwilu, Mtsonga mpfilwa, Mzulu umviyo. Tunda la kahawia, limekunjamana, mbegu kubwa nyama kidogo, lakini ukianza huachi. Kule kusini wana mwiko wa kuutumia kuni, wanasema unaleta nuksi, na wazungu waliposikia hiyo habari mpaka jina la kitaalamu wakauita Vangueria infausta, wa balaa.

Na mtundakula wetu, ule wenye miiba na vitunda vyekundu vichungu vichungu, Mzulu anaita umthunduluka. Mafuta ya mbegu zake wanalainishia ngozi, ya mwili na ya kutengenezea mikanda.

Marula nitaiweka kwenye post yake maana ile ni habari nyingine. Karibuni mnaojua mjazie.

Kitonga_Boy

Mkuu umenikumbusha nyumbani. Sisi Wahehe mbula tunaita msaula, matunda misaula, tukitoka shule tunapitia porini tunarudi home tumeshiba mama anagombeza kwanini hatuli ugali. Vipi yale makusu? Kwetu maguhu, mti wake mguhu, majani mapana magumu kama sahani. Huko kusini yapo?

Mama_Tadiwa

Yapo baba, tena huku Zimbabwe ndo tunda la heshima. Mimi ni wa Mbeya nimeolewa huku Gweru. Wanaita mazhanje, mti muzhanje. Ikifika Novemba Desemba barabara ya kwenda Mutare imejaa ndoo za mazhanje, basi likisimama tu akina mama wanakimbilia madirishani. Mabichi wanayaweka kwenye chombo wanafunika yanaivia humo mpaka yanakuwa laini, utamu wake sijui nisemeje, wanatengeneza jemu, wengine mvinyo.

Halafu mbula huku ni muhacha, wengine wanasema muchakata, na huo mti sio wa mchezo. Chini ya muhacha ndo wazee wanafanyia mukwerera, tambiko la kuomba mvua, pombe inapikwa na akina mama waliokwisha koma hedhi, huoni msichana pale. Mtu hakati muhacha hovyo. Ukipita mashamba ya huku utaona wamefyeka kila kitu ila umebaki muhacha mmoja katikati ya mahindi, wewe mgeni unadhani ni kivuli cha ng'ombe.

Na kuna adabu ya kuchuma matunda ya porini. Huruhusiwi kuyasema vibaya, kwamba aah haya machachu, haya yameoza, haya madogo. Ukisema hivyo msituni unapotea, hutaiona njia ya kurudi. Mama mkwe wangu alinifundisha hilo mapema kabisa kabla hata hajanifundisha kupika sadza, ugali wa huku, nikifunua mdomo nilalamike ananikata jicho.

Ukwaju_Mchungu

Mama_Tadiwa shikamoo, hapo kwenye mwiko nimekupata, hata Zambia nimewahi kuambiwa nisitukane masuku, ndo hayo hayo mazhanje.

fundi_Lushi

Jambo yenu bote. Huku kwetu Lubumbashi ile munaita makusu sie tunaita masuku, wakati ya mvula bamama banapangaka mu bitunga ku barabara. Na mbula ni mupundu. Mupundu unakula nyama ya juu, mbegu unavunja, mu ndani muko mafuta. Ni Babemba banaitaka vile, si peke yetu, ukivuka Kasumbalesa ni jina moja tu.

DON_wa_Mbagala

Wakuu tuacheni matunda, tajeni ile ya heshima ya ndoa 😂 mzee Ukwaju lazima unaijua unatuficha

Mwalimu_Shitemi

Hahaha wewe Don. Huku Kenya hiyo ni mukombero, sisi Waluhya ndio wenyewe. Ukitembea Nairobi ama Mombasa jioni utapata jamaa na bakuli la mizizi, unanunua ya bob kumi unatafuna. Inanukia kama vanila hivi na inaacha utamu mdomoni hata maji ukinywa baadaye yanakuwa matamu. Uganda ni mulondo. Ni ya hamu ya chakula pia, na ya tumbo, si hiyo yako pekee. Sasa huko kusini iko?

Ukwaju_Mchungu

Ipo mwalimu, Wazulu wanaita umondi na wazungu wa sayansi Mondia whitei. Kazi ni hiyo hiyo, hamu ya kula na hayo mengine ya Don. Tatizo Afrika Kusini wameichimba mpaka porini ni shida kuipata, kwa sababu kinachouzwa ni mzizi na ukishang'oa mzizi ndo umemaliza habari ya mmea. Kenya naona mmeanza kuilima mashambani kule Kakamega, mmefanya la maana.

Sasa niwape ya marula kama nilivyoahidi. Kwetu ni mng'ongo. Mzulu umganu, Mtswana morula ndo hapo wazungu wakapata marula, Mvenda mufula, Mtsonga nkanyi. Kaskazini mwa Namibia Waovambo wanasema omwoongo au omugongo, sasa hapo msikilize mwenyewe na mng'ongo wako wa Dodoma. Matunda yanaanguka yakiwa ya kijani, yanaivia chini mpaka yawe ya njano, kwahiyo hakuna kupanda mti wala kurusha mawe, unaokota tu, Januari mpaka Machi hivi.

Waovambo wana sherehe yake, Oshituthi shomagongo, UNESCO waliiingiza kwenye orodha yao mwaka 2015. Wanawake wanakaa duara chini ya mti, kila mmoja ana pembe ya ng'ombe iliyochongwa ncha, anachoma tunda, anazungusha, ganda linafunguka, juisi na kokwa vinaangukia chombo kimoja na maganda pembeni. Mikono inakwenda bila kuangalia, mdomo unapiga stori au unaimba. Juisi inakaa kwenye mtungi siku chache inachacha ndo hiyo omagongo. Kokwa hawatupi, wanazianika, zikikauka wanazipasua wanachokoa kiini kwa sindano nene, kinatoa mafuta wanayaita ondjove, hayo ukikaangiwa kuku wa kienyeji utasahau njia ya Tunduma. Watsonga wa Limpopo pombe yao ni vukanyi. Eswatini wanaita buganu na msimu wake una sherehe za kifalme, wanawake wanapeleka kwanza kwa mfalme na mama yake.

Mvenda anaamini kwamba gome la mti dume likichemshwa mama mjamzito akanywa anazaa wa kiume, la jike anazaa wa kike. Hiyo sitii neno.

nyati_mpweke

Na wale tembo wanaolewa marula? Kuna video kabisa nimeona wanayumba.

Ukwaju_Mchungu

Video za zamani zile usiziamini sana. Mwaka 2006 watafiti wa chuo cha Bristol walipiga hesabu wakasema tembo kwa ukubwa wake angetakiwa ale matunda yaliyochacha mengi kuliko uwezo wa tumbo lake, na tembo mwenyewe anapenda ya mtini mabichi kuliko ya chini. Ila 2020 wakaja wengine na habari ya vinasaba, kwamba tembo hana ile kitu ya kuvunja pombe mwilini kama tuliyonayo sisi kwahiyo labda kidogo tu inamtosha. Kesi imefunguliwa upya.

Mgogo_Halisi

Wakuu kwetu Mpwapwa tuna mng'ongo mkubwa nyuma ya nyumba, babu aliukuta. Kila mwaka unatoa maua mengi balaa lakini tunda hatujawahi kuona hata moja. Tumeambiwa umerogwa, kuna anayesema tuukate. Msaada tafadhali.

Kachero_K

Nimesoma pahala Wasani wa Kalahari wanaishi kwa mongongo hata mwaka wa ukame. Kumbe ni huu mng'ongo wetu? Mbona sisi tunaacha unaoza chini?

Ukwaju_Mchungu

Hapana mkuu, hapo ndo watu wengi wanapotea. Mongongo au mungongo wa Zambia magharibi, Namibia na Botswana ni mti mwingine kabisa, Schinziophyton rautanenii, uko ukoo mmoja na mihogo na minyonyo, wakati mng'ongo wetu wa marula uko ukoo wa miembe na mikorosho. Jina ni kama pacha lakini hawana undugu wowote. Wazungu wa Namibia ule wanaita manketti.

Wasani wa kundi la Juǀʼhoansi pale Dobe, Botswana, mtafiti Richard Lee aliwakaa nao miaka ya 1960 akashangaa, maana kila mtu alidhani watu wa jangwani wanashinda na njaa, kumbe hizo karanga ni chakula chao kikuu, zina mafuta na protini na zinakaa chini miezi bila kuoza. Ganda lake gumu sana, linapasuliwa kwa mawe mawili. Tembo anakula tunda, karanga inapita nzima, watu wanaiokota kwenye kinyesi imeshasafishwa nyama ya nje tayari. Msikunje sura, kahawa ya fungo mnailipia hela nyingi.

dada_mfamasia

Habari zenu. Huu uzi ni mzuri ila mimi kazi yangu ni dawa kwahiyo nina jambo hapo hapo kwenye majina. Mtu akisoma humu akasikia "fulani ni sawa na mti wetu fulani" kesho anachemsha. Tafadhali msinywe kitu kwa jina.

Mfano mmoja tu. Wazulu wana mzizi unaitwa impila, na impila kwa Kizulu ni afya. Callilepis laureola. Kwa jadi unatumika kwa minyoo, tumbo, hata kumkinga mtoto, lakini una sumu inayokwenda moja kwa moja kwenye ini na figo na umeua watu wengi KwaZulu-Natal, watoto wakiwemo, hospitali za Durban zimeandika habari zake kwa miongo. Mganga anayejua anautapisha na kipimo anajua, mtu aliyenunua sokoni kafungiwa kwenye gazeti anajua nini?

Mwingine inkomfe, wanaita viazi vya Kiafrika, Hypoxis. Miaka ya 2000 mwanzoni waziri wa afya wa Afrika Kusini, Manto Tshabalala-Msimang, alikuwa anaipigia debe pamoja na kitunguu saumu, limao na bitiruti kwa wagonjwa wa ukimwi wakati ARV zinacheleweshwa. Baadaye vipimo vya maabara vikaonyesha dondoo lake linaweza kuvuruga namna ini linavyoshughulikia dawa zenyewe za ARV. Sisi tusiwacheke, 2011 tulipanga foleni Loliondo kikombe shilingi 500 na mugariga ule, watu waliacha dozi zao za ARV na za TB majumbani.

Mwalimu_Shitemi

Mugariga si ni ile Carissa? Huko kusini ndugu yake wa pwani ni amatungulu, watu wanakula tunda tu na kupika jemu. Hakuna foleni.

DON_wa_Mbagala

Dada mfamasia kwahiyo nyungu nayo tuache? Maana 2020 nimepiga nyungu mpaka ngozi imetoka.

dada_mfamasia

Sijasema uache, nimesema ujue unachoweka. Nyungu hata wao wanayo, Kizulu ukufutha, unajifunika blanketi juu ya sufuria vile vile. Majani yao makubwa ni umhlonyane, Wasotho lengana, Artemisia afra, ya mafua na kikohozi, harufu kali chungu, wengine wanaviringisha jani wanaziba puani. Kwenye korona watu waliifyeka njiani mpaka bei ikapanda. Sasa ile dawa ya Madagascar ambayo serikali yetu ilituma ndege kuifuata Mei 2020 ilikuwa ya Artemisia annua, ya Kichina, yenye artemisinini ya malaria. Hiyo afra haina artemisinini ya maana. Watu wakasikia "artemisia" wakachanganya zote.

Ukwaju_Mchungu

Dada umeongea na nakuunga mkono, mimi mwenyewe huwa nikiletewa mzizi nauliza kwanza jani lake liko wapi. Muuzaji akishindwa kunionyesha jani sinunui.

Na kuna jambo la magome. Pale Warwick Durban na Faraday Joburg kuna soko la muthi, ndo wanavyoita dawa za asili, na neno ndo hilo hilo mti. Gome linalotafutwa kama dhahabu ni isibhaha, Mvenda mulanga, Mshona muranga, Warburgia salutaris. Ukitafuna kipande kidogo kinawasha kama pilipili manga halafu kifua kinafunguka. Sasa kwa kuwa ni gome la biashara wanabandua mti mzima kuzunguka, unakufa umesimama. Zimbabwe umekaribia kuisha kabisa porini, watu wa Chipinge wanaletewa gome toka Msumbiji. Hifadhi ya Kruger wakaona kufukuzana na watu na bunduki hakusaidii, wakaotesha miche wakawa wanawagawia waganga wapande kwao. Na watafiti wamepima wakakuta majani yana kemikali zinazofanana na za gome, kwahiyo unaweza kuchuma majani mti ukabaki. Shida ni kumshawishi bibi ambaye toka azaliwe anajua dawa ni gome.

Mwalimu_Shitemi

Hiyo huku ni muthiga kwa Wakikuyu, Warburgia pia lakini ya aina yetu. Nikiwa mdogo kikohozi ikishika unapewa gome utafune, unalia machozi, na unapona ama unajifanya umepona usipewe tena.

Mzee_wa_Ngamiani

Assalam alaykum. Mimi nimesubiri mtaje mikunazi hamjataja. Huko kusini hawana?

Ukwaju_Mchungu

Wa alaykum salaam mzee wangu. Wanao, tena hapo umegusa penyewe. Mkunazi wa porini wa kule ni Ziziphus mucronata, Mtswana mokgalo, Mzulu umlahlankosi, maana yake unaomlaza mfalme, kaburi la chifu lilikuwa linafunikwa matawi yake. Miiba yake inakaa miwili miwili, mmoja umenyooka, mwenzake umepinda kurudi nyuma, wazee wanasema ulionyooka ni tunakokwenda na uliopinda ni tulikotoka.

Mtu akifia mbali, ajali au hospitali, mzee wa familia anachukua tawi anaenda nalo pale pale alipofia. Anamwita kwa jina lake na majina ya ukoo, anamwambia sisi ni fulani tumekuja kukuchukua twende nyumbani. Kuanzia hapo haongei na mtu, anaongea na marehemu tu. Nilishawahi kupanda kihaisi, kule wanaviita teksi, kutoka Durban kwenda Pietermaritzburg, nyuma yangu kakaa mzee ana tawi kalifunga kitambaa cheupe kaliweka siti ya dirishani. Kule hakuna konda, nauli inapitishwa mkono kwa mkono toka nyuma mpaka kwa dereva. Hela yake ikafika kwangu, nauli ya watu wawili. Siti ile haikukaliwa na gari lilijaa, mtu mmoja alisimamishwa njiani dereva akamwambia imejaa. Tulipofika kwenye daraja nikamsikia yule mzee ananong'ona, jirani akanitafsiria kwamba anamwambia tunavuka mto sasa. Hakuna aliyegeuka kumwangalia.

Mzee_wa_Ngamiani

SubhanAllah. Sisi huku pwani maiti inaoshwa kwa maji yaliyotiwa majani ya mkunazi yaliyopondwa, ni sunna, majani yanatoa povu kama sabuni. Nilidhani ni mambo ya dini peke yake, kumbe Mzulu naye kwa njia yake mkunazi kauweka kwenye mauti. Hapa Tanga kila karibu na msikiti wa zamani ukitafuta hukosi mkunazi.

kaka_wa_Maputo

Nawapa moja ya Msumbiji. Ile mitonga, matunda magumu ya duara kama mpira, Mshona anaita matamba, Mzulu amahlala, huku Maputo ni massala. Unapiga chini inapasuka, unafyonza nyama, mbegu unatema, USITAFUNE mbegu, ni ndugu wa mti wa ile sumu ya strikinini. Lakini ganda lake ndo mali. Wachopi wa Zavala, Inhambane, wanalisafisha, wanalikausha, wanalifunga chini ya kila ubao wa timbila, ile marimba yao, kama kibuyu cha sauti, kila noti na saizi yake ya ganda, noti nene ganda kubwa. Wanatoboa tundu wanaweka utando mwembamba ndo ile sauti ya kunguruma. Mbao zenyewe ni za mti mwenje, mzito, ukiusaga unapiga chafya. UNESCO waliitambua timbila 2005.

Kachero_K

Swali, hivi wenye miti wanapata nini? Naona rooibos, ile chai ya Afrika Kusini, supermarket hapa Mlimani bei yake si mchezo.

Ukwaju_Mchungu

Rooibos inaota milima ya Cederberg tu, Western Cape, jaribu kuilima kwingine inakugomea. Waliokuwa wanaikata, kuiponda na kuianika ni Wakhoi na Wasani, biashara ikaanza kuwa kubwa baada ya 1904 mfanyabiashara Barend Ginsberg alipoanza kuiuza. Ilichukua mpaka 2019 ndo wakasaini kwamba asilimia 1.5 ya bei ya shambani iende kwa Wakhoi na Wasani. Miaka zaidi ya mia moja hiyo.

Hoodia ndo chungu zaidi. Ni mmea wa jangwani kama kakati, Wasani wanatafuna safarini unakata njaa na kiu. Katikati ya miaka ya 1990 taasisi ya utafiti ya serikali, CSIR, ikachukua patenti ya ile kitu ya kukata njaa, ikawapa leseni kampuni ya Uingereza Phytopharm, nao wakaipeleka Pfizer watengeneze dawa ya unene. Wasani hawakuulizwa. Kelele zikapigwa, 2003 wakakubaliana Wasani wapate asilimia 6 ya mrabaha wa CSIR. Mwaka huo huo Pfizer wakajitoa, Unilever wakaichukua nao 2008 wakaachana nayo. Asilimia 6 ya bidhaa ambayo haikutoka kiwandani wewe piga hesabu mwenyewe.

Ila kuna walioshinda. Pelargonium sidoides, Wasotho wanaita khoaara, mzizi mwekundu wa kifua. Muingereza mmoja Charles Stevens alienda kusini 1897 ana TB, akatibiwa Lesotho na huo mzizi, akarudi kwao akawa anauuza. Wajerumani wanaiuza kama dawa ya bronkaitisi mpaka leo. Jamii ya Alice, Eastern Cape, wakapinga patenti ya kampuni moja ya Kijerumani na 2010 ofisi ya patenti ya Ulaya ikaifuta.

Mama_Tadiwa

Ndo maana mama mkwe wangu akiulizwa na wageni wenye makaratasi anasema hajui kitu.

Mgogo_Halisi

Jamani mng'ongo wangu mmeuruka.

dada_mfamasia

Hahaha samahani. Haujarogwa, wako ni dume. Mng'ongo una mti dume na mti jike mbalimbali, kama mpapai. Dume linatoa maua tu, mengi, kwenye vishada virefu vinavyoning'inia, jike maua yake machache na ndo linazaa.

Ukwaju_Mchungu

Na usiukate, ukikata dume na majike ya jirani yatakosa mbegu. Tafuta mwenye jike linalozaa vizuri, omba tawi nene kama mkono, likatwe mwishoni mwa kiangazi kabla halijachipua majani, likae kivulini siku chache kidonda kikauke, halafu lifukie kama nusu mita mvua zikikaribia. Mng'ongo unashika kwa tawi, Limpopo wanafanya uzio kabisa. Ukipanda mbegu utasubiri miaka na hujui atatoka dume au jike, ukipanda tawi la jike unapata jike. Ila mbuzi, weka miiba kuzunguka, mbuzi wa Mpwapwa nawajua.

Mgogo_Halisi

Asante sana wakuu. Jirani yetu analo, tunda lake kubwa, kila mwaka tunaokota kwake. Nitamwendea Oktoba na nusu lita ya asali.